Jinsi ya Kupanga Likizo ya Aisilandi Ukitokea Mombasa

Mtu wa Mombasa akitaja kwamba anataka kutumia likizo yake Aisilandi, swali la kwanza atakaloulizwa barazani ni kwa nini alipe nauli yote hiyo ili akatetemeke. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo linalopaswa kuongoza mpango mzima, kwa maana anayekwenda kutafuta theluji tu huenda akavunjika moyo, ilhali anayekwenda kutazama ardhi inavyofanya kazi hatakosa cha kuona mwezi wowote. Nchi hiyo ni kisiwa kilichokaa juu ya mpaka ambapo mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, yanaachana, na katika bonde la Þingvellir, ambako bunge la nchi hiyo lilianza kukutana mwaka 930, mgeni hutembea kwa miguu katikati ya kuta za mwamba zilizotokana na mpasuko huo. Sisi wenyewe tuna Bonde la Ufa, na si ajabu kwamba wahandisi wengi wa Kenya wa mvuke wa ardhini wamesomea kazi yao huko Aisilandi. Kwenye chemchemi ya maji moto ya Strokkur, maji huvimba kwanza yakawa kuba la samawati, yakatulia kidogo kana kwamba yamebadili nia, kisha yakapasuka na kuruka mita 15 au 20 hewani. Baada ya dakika chache yanarudia tena. Usimame upande unakotoka upepo, la sivyo utalowa.

Amua majira kabla ya jambo lolote jingine. Mwezi wa Juni jua la Reykjavík, mji mkuu, huzama karibu saa sita za usiku na kuchomoza tena kabla ya saa tisa, kwa hiyo utaona mengi kwa siku moja, lakini hutaona mianga ya kaskazini, ile mishale ya nuru ya rangi inayocheza angani usiku, kwa sababu hiyo huhitaji giza. Mwishoni mwa Desemba mambo hugeuka, mchana ukawa wa takriban saa nne tu, na barabara nyingi zikawa na utelezi. Kwa mgeni wa mara ya kwanza kutoka pwani yetu, ushauri wangu ni Septemba: usiku umesharejea, mianga inaweza kuonekana mawingu yakifunguka, barabara za pwani ya huko bado hupitika kwa urahisi, na ndiyo majira ambayo wakulima huteremsha kondoo wao kutoka milimani. Tatizo ni kwamba likizo ya shule huwa Agosti, na mwenye watoto itambidi aridhike na mwezi huo. Baridi yenyewe si ya kutisha kama jina la nchi, lenye maana ya "nchi ya barafu", linavyodai, kwani mkondo wa maji vuguvugu wa Atlantiki huifanya Reykjavík iwe na wastani wa karibu nyuzi sufuri mwezi wa Januari na nyuzi 11 au 12 mwezi wa Julai.

Aisilandi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, nayo ada ya mtu mzima ni yuro 90. Utatakiwa kuwa na bima ya safari ya yuro 30,000 au zaidi, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi na barua ya mwajiri au karatasi za biashara yako, kisha utatoa alama za vidole wewe mwenyewe, jambo linalomaanisha kutenga muda wa kusafiri kutoka Mombasa. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapitia mji mwingine, mara nyingi wa Ulaya, na ukaguzi wa uhamiaji hufanyika kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen unaoshukia, hivyo usizifungie karatasi hizo ndani ya sanduku linalokwenda mizigoni.

Nchi haina treni, na wengi hukodi gari. Kumbuka kwamba huko huendeshwa upande wa kulia. Barabara kuu inayozunguka kisiwa ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, na ni kosa la wageni wengi kutaka kuimaliza yote kwa juma moja. Pwani ya kusini peke yake, yenye maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss na ziwa la Jökulsárlón lenye mapande ya barafu yanayoelea, inatosha kabisa. Unapofungua mlango wa gari ushike kwa mikono miwili, kwani upepo huweza kuung'oa bawabani na bima nyingi hazilipi hasara hiyo. Kila asubuhi tazama taarifa za hali ya hewa na za barabara, na ukipata dharura piga 112.

Onyo moja ni kwa sisi tuliokulia Nyali na Likoni tukidhani bahari tunaijua. Ufuo wa mchanga mweusi wa Reynisfjara hupigwa na mawimbi yanayokuja ghafla baada ya kipindi cha utulivu na kupanda mbali sana ufuoni, na yameua watalii. Usiipe bahari ile mgongo, wala usikaribie maji kwa ajili ya picha.

Kuhusu mavazi, anzia Kongowea kwenye mitumba ya majaketi kabla ya kwenda madukani. Tafuta jaketi lisilopitisha upepo wala maji, ulipandishe na kulishusha zipu lake mara kadhaa papo hapo, ukague mishono ya mabegani. Ndani vaa sufu, si pamba, kwa kuwa pamba ikishalowa hukawia kukauka na huupoza mwili. Mwavuli uache nyumbani. Anayevaa buibui atahitaji suruali nzito ndani na koti refu juu yake.

Karibu kila mji una bwawa la umma lenye maji ya moto ya ardhini, rahisi kwa bei kuliko maziwa ya maji moto ya kitalii, na ndani ya birika zake wenyeji huzungumza siasa na hali ya hewa. Sheria ni kuoga kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia, wanaume kwao na wanawake kwao. Baadhi ya mabwawa yana sehemu yenye pazia, kwa hiyo uliza.

Chakula ni ghali, hivyo chagua nyumba yenye jiko na ununue madukani. Maji ya bomba baridi ni safi na hayana haja ya kununuliwa kwa chupa. Samaki ni wengi, na Reykjavík ina misikiti, lakini anayesafiri Juni amuulize shehe wake mapema kuhusu nyakati za Isha na Alfajiri. Viungo vyako vya pilau unaweza kubeba. Nyama mbichi itachukuliwa forodhani.