Kutoka dini moja hadi nyingine, kisha kwenye shaka: namna ya kuhama bila kujiumiza

Wapo waliobatizwa Wakatoliki, wakaokoka wakiwa sekondari, wakahamia kwa nabii wa mjini, wakagonga kwa mganga biashara ilipodorora, na leo wanasema hawaamini lolote. Wengine walikulia madrasa, wakabadili dini kwa ajili ya ndoa, kisha wakaziacha zote mbili. Mwongozo huu ni wao. Haukusudii kumtoa mtu kwenye dini yake. Unamhusu yule ambaye tayari ametoka, au mguu mmoja uko nje, na anataka shaka yenye utaratibu.

Kinachowaumiza wengi ni kuhama na uhakika uleule. Jana kila alichosema mchungaji kilikuwa kweli, leo kila anachosema mtu fulani wa YouTube ni kweli. Mwenye nyumba kabadilika, namna ya kukubali mambo imebaki ilivyokuwa. Ndiyo maana tunaanza na namna ya kupima, mengine yafuate.

Daftari kwanza, tangazo baadaye

Kabla hujamwambia mtu, gawa ukurasa wa daftari safu tatu: dai lenyewe, kilichokufanya uliamini, na kitu ambacho kingekufanya uliache. Andika madai kama ishirini, kila moja kwa sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo. "Dini ni muhimu" haifai kwa sababu haina pa kuishikia. "Nikitoa zaka ya asilimia 10, kipato changu kitapanda ndani ya mwaka mmoja" inafaa.

Kisha yatenge. Yapo yanayopimika, kama hilo la zaka. Yapo ya historia, yaani nani alisema nini, lini, na nani aliandika. Na yapo ambayo hakuna kipimo kinachoyafikia, kama vile kama kuna Muumba, au maisha yana maana gani. Kazi yako kubwa ni kwenye fungu la kwanza. Kwenye la tatu una haki ya kusema "sijui" na ukabaki hapo miaka. Hakuna anayekudai ujiite mkana Mungu ili uhesabiwe kuwa umevuka.

Safu ya tatu ndiyo huwashinda watu. Ikiwa huoni chochote kingekufanya uache dai fulani, weka alama nyekundu: hilo umelishika kwa mapenzi au kwa woga, ushahidi haukuhusika. Na usisahau kuandika madai yako mapya. "Dini zote zililetwa ili watutawale" ni dai kama mengine, nalo lipite kwenye safu zilezile tatu.

Zoezi: kikombe cha Loliondo

Njia nzuri ya kujifunza kupima ni kuchukua tukio ambalo wengi wetu tunalikumbuka. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mmea wa mugariga. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba kikombe kimoja kinaponya kisukari, shinikizo la damu, pumu, kansa na UKIMWI. Misururu ya magari ilipangana kwa kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na wapo walioacha ARV, yaani dawa zao za kufubaza VVU, baada ya kunywa.

Ungepimaje? Kwanza, geuza dai liwe namba. "Amepona sukari" haitoshi. Sema: bila dawa nyingine, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kitashuka hadi kiwango cha mtu asiye na kisukari. Kwa VVU, angalia wingi wa virusi kwenye damu, na upime tena baada ya miezi kadhaa. Mtu akikuambia anajisikia vizuri, ni habari njema, ila si kipimo.

Pili, pima kabla. Hapa ndipo shuhuda nyingi zinapoanguka, kwa kuwa mtoa ushuhuda hana cheti cha kabla, au alijipima mwenyewe tu kwa kusikiliza mwili.

Tatu, hesabu wote waliokunywa. Aliyepata nafuu hurudi kushuhudia, aliyezikwa harudi. Ukiwasikiliza walio kwenye maikrofoni peke yao, hata maji ya bomba yataonekana yanaponya.

Nne, tafuta wa kulinganisha nao. Pumu, maumivu ya mgongo na sukari hupanda na kushuka zenyewe. Mgonjwa hufunga safari siku hali ikiwa mbaya kuliko kawaida, kwa hiyo hata asipokunywa chochote, kuna uwezekano mkubwa kwamba wiki inayofuata atakuwa na nafuu kidogo. Bila kundi lisilokunywa, huwezi kujua nafuu ilitoka wapi.

Hatua hizo nne zitakufaa kwa mafuta ya upako, kwa kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, na vilevile kwa chai ya "kusafisha mwili" inayouzwa na mtu anayejiita mwanasayansi. Usirukie kusema kila cha asili ni uongo. Artemisinini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali, ilitokana na mmea uliokuwa ukitumika kwenye tiba za jadi za China. Uliaminika baada ya kupimwa, na mimea mingine mingi ikipimwa haionyeshi kitu.

Unabii una zoezi lake, rahisi zaidi. Mwezi Januari andika maneno kamili ya tabiri za mwaka, tarehe zilipotolewa, na kando yake andika nini kitahesabika kuwa utabiri umeshindwa. Funga daftari hadi Desemba. Tabiri zisizo na jina, mahali wala tarehe, kama "kiongozi mkubwa atafariki", zitoe kwenye hesabu tangu mwanzo. Hazishindwi kamwe, kwa hiyo hazikuambii lolote.

Woga hubaki baada ya imani kuondoka

Hili huwashangaza watu. Kichwa kimeshaacha kuamini majini, lakini saa tisa usiku mwili bado unatetemeka. Si dalili kwamba ulikosea kuondoka. Woga ulifundishwa utotoni, nao huisha polepole kuliko hoja.

Chukua jinamizi. Unaamka, huwezi kusogea, kifua kizito, unaona kama kuna mtu chumbani. Wakati wa usingizi wa ndoto ubongo huzima misuli ili usirushe mikono na miguu kwa unachokiota, na mara nyingine akili huamka kabla misuli haijaachiwa. Hali hii huchukua sekunde hadi dakika chache na huja zaidi kwa aliyekosa usingizi au aliyelala chali. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini linalosemwa kuvamia watu usiku, ilipoanzia Pemba na kusambaa Unguja, mengi yaliyosimuliwa yalifanana sana na hali hii, na watu walilala nje kwa makundi. Tiba ya nyumbani: lala ubavu, shika saa zilezile za kulala, na jinamizi likikupata usipigane nalo, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu na upumue taratibu.

Laana na Albadiri, kisomo cha kumlaani mtu, zinahitaji dawa nyingine, nayo ni hesabu. Ukishaambiwa umesomewa, kila pancha na kila homa ya mtoto inaingia kwenye faili la laana. Andika mikosi ya familia ya miaka miwili kabla ya kuondoka, kwa kadiri mnavyoikumbuka wawili watatu, kisha linganisha na ya baada ya kuondoka. Kwa kawaida utakuta mikosi ilikuwepo, ila haikuwa na jina. Woga ukikunyima usingizi au chakula kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kliniki ya afya ya akili. Daftari lina mwisho wake.

Orodhesha dini ilikuwa inakufanyia nini

Watu wengi huondoka wakijadili mafundisho, na kumbe kinachowatesa baadaye ni mambo ya kila siku. Jiulize: nani atasimamia msiba wangu? Watoto wanacheza na nani Jumapili? Nilikopa kwa nani? Niliimba wapi? Kwa Mkatoliki wa Tanzania, jumuiya ndogondogo ndiyo inayokujua; usipoonekana huko, ukifika msiba familia huulizwa maswali magumu kabla padri hajaja. Kwa hiyo jiunge na chama cha kuzikana cha mtaa au cha kazini mapema, ukiwa mzima, na ulipe ada bila kukosa. Kwaya na futari mbadala wake haupatikani kwa urahisi. Unaweza kuendelea kwenda kula futari kwa jirani, shaka haikukatazi.

Ndoa ina njia rahisi. Tanzania na Kenya zote zina ndoa ya kiserikali, na taarifa hutolewa kwa msajili siku 21 kabla.

Urithi ndio usicheze nao. Kenya, mali ya marehemu Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na katika sheria hiyo asiye Mwislamu harithi kutoka kwa Mwislamu. Ongea na wakili kabla hujaandika barua ya kujitoa popote. Wosia wako, nao, uandike na usainiwe mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Na kuhusu mahali pa kuzikwa, usitegemee maneno uliyowahi kusema mezani. Kesi ya kumzika wakili S.M. Otieno nchini Kenya mwaka 1987 inafundisha: mjane alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukashinda mahakamani, akazikwa Nyalgunga, kijijini kwao. Waambie ndugu wakubwa mapema, na upate angalau mmoja wao atakayekutetea.

Kumwambia nani, na lini

Ikiwa bado unalipiwa ada au unalala kwa wazazi wanaoweza kukufukuza, ngoja. Kunyamaza mwaka mmoja si unafiki. Ukiwa mfanyakazi katika nchi za Ghuba, usiandike lolote mtandaoni. Saudia kuritadi, yaani kuuacha Uislamu, kunaweza kukufikisha kwenye hukumu ya kifo. Kwetu, Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya na ya 19 ya Tanzania zinalinda uhuru wa dhamiri, lakini sheria za jinai za nchi zote mbili zina kifungu cha kutukana dini. Kusema "siamini" ni tofauti na kuchoma kitabu cha mwenzako.

Anza na mtu mmoja anayetunza siri, kisha mwenzi wako, wazazi mwisho. Kwa mzazi sema kifupi: "Shikamoo, mama. Nina jambo. Siku hizi siendi kanisani, na sitaki usikie kwa watu. Sijakukosea heshima na sijaacha kuwa mwanao." Usilete hoja siku hiyo. Usichague Iddi, Krismasi wala arobaini.

Kupata wenzako

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kama asilimia 1.6. Usidhani wote ni wenzako. Wengi hawana dini na bado wanaogopa kulogwa. Chama cha Atheists in Kenya kilisajiliwa 2016. Kwingineko ni afadhali kuanzisha kikundi cha watu watano wanaokutana mara moja kwa mwezi kupima dai moja, kwa zamu, huku mmoja akipewa kazi ya kulitetea dai hilo kwa nguvu zote. Bila mtetezi, kikao hugeuka kuwa cha kuwacheka waumini.

Na usikubali kuambiwa umeiga Wazungu. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitilia shaka hata macho yake kabla ya kurudi kwenye imani. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda kwa wazee vijijini Kenya akakuta wanaohoji mila za watu wao wenyewe.

Msibani utaombwa kuongoza sala. Usikatae mbele za watu wala usijifanye. Mfuate msemaji wa familia mapema umwambie: "Mjomba, sala mpe mwingine, mimi nipangie kusoma wasifu wa marehemu." Kisha uandae wasifu huo vizuri, tarehe na majina yote yahakikiwe na shangazi mkubwa kabla hujasimama.