Pampu inavuja? Usikimbilie kubadili sili

Kuanzia viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza mjini hadi mashamba ya umwagiliaji kule Magu, pampu nyingi ninazoitwa kuzitazama zinakuwa zimeshabadilishwa sili (kizuizi cha maji pale shafti inapopita kwenye bodi) mara kadhaa. Msimamizi wa zamu anakupokea mlangoni na kauli ileile: "Fundi, hizi sili za siku hizi ni feki tupu." Feki zipo, sikatai. Ila mara nyingi sili inauawa na kitu kingine: shafti iliyopinda, beringi iliyochoka, bomba linaloivuta pampu upande, au pampu inayohangaika kunyonya. Ukibadili sili ukakiacha kilichoiua, umejinunulia wiki chache tu.

Ninazungumzia pampu ya sentrifugali, ile ya kawaida yenye mota upande mmoja, kaplingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) katikati na impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) ndani ya bodi.

Hatua ya 1: Jua maji yanatokea wapi

Zima pampu, futa bodi yote kwa kitambaa kikavu, kisha paka unga wa chaki kwenye flanji (maungio ya mabomba yenye bolti), gasketi ya bodi, plagi ya kumwagia maji na pale shafti inapotokeza. Washa, simama pembeni na tochi. Penye kuvuja chaki italowa kwanza. Usiamini tone linaloning'inia chini ya bodi; maji hutambaa, na hilo tone huenda limeanzia kwenye flanji ya juu. Mikono na mikono ya ovaroli viwe mbali na kaplingi wakati wote.

Upande wa kunyonya una tabia yake. Pampu ikiwa imekaa juu kuliko usawa wa Ziwa Victoria, tundu kwenye bomba la kunyonya halimwagi maji nje wakati pampu inazunguka, bali linavuta hewa kwenda ndani. Hapo chaki haikusaidii. Paka povu zito la kunyolea kwenye kila ungio, likifyonzwa, umeshapata.

Hatua ya 2: Kata umeme, weka kufuli

Zima breka, weka kufuli lako, funguo iwe mfukoni mwako na siyo kwenye meza ya ofisi. Pima kwa mita kuhakikisha nyaya zote tatu hazina umeme. Funga valvu ya kunyonya na ya kusukumia, halafu fungua plagi ya chini polepole ili presha itoke. Hapa hakuna mjadala, hata kama meneja amesimama nyuma yako anaangalia saa.

Hatua ya 3: Kama ni pampu ya pakingi

Kwanza ielewe: pakingi ni pete za kamba zinazojazwa kwenye boksi kuizunguka slivu (bomba fupi linaloikinga shafti) na kubanwa na gilandi yenye nati. Pampu ya pakingi lazima idondoshe. Yale matone ndiyo yanayopoza kamba na shafti. Anayekaza gilandi mpaka pakauke anaunguza pakingi na kuchimba slivu. Basi kama inadondosha tu zaidi kuliko zamani, jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua chochote.

Ikibidi kubadili, toa pete zote za zamani kwa kulabu ya pakingi, mpaka ya mwisho kabisa. Wapo wanaotoa mbili za mbele wakaongeza mpya juu ya zilizooza. Hizo za nyuma zimeshakuwa ngumu na haziminyiki tena. Zihesabu unapozitoa, na ukikuta pete ya chuma yenye matundu katikati yao, andika ilikuwa ya ngapi. Ndiyo inayopitisha maji ya kupozea, na ikikaa pasipo nafasi yake maji hayo hayafiki.

Pitisha ukucha juu ya slivu. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, slivu ibadilishwe. Pakingi mpya juu ya slivu yenye mifereji ni hasara.

Unene wa kamba unapatikana hivi: kipenyo cha ndani cha boksi toa kipenyo cha slivu, gawa kwa mbili. Boksi ya milimita 75 na slivu ya milimita 50 zinataka kamba ya milimita 12.5. Zungushia kamba kwenye kipande cha bomba chenye kipenyo sawa na slivu, kata kwa nyuzi 45 kwa kisu kikali. Ingiza pete moja moja, kila moja uisukume mpaka ikae, na maungio yapishane kwa robo ya duara ili maji yasipate njia moja iliyonyooka.

Nati za gilandi kaza kwa vidole tu. Washa, acha maji yatoke kwa wingi. Kisha kaza kila nati moja ya sita ya mzunguko, ya kushoto na ya kulia sawasawa, usubiri dakika 10 hivi kabla ya kukaza tena. Lengo ni matone kama 40 hadi 60 kwa dakika, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Gilandi ikipata moto, zima, acha ipoe, legeza, anza upya.

Hatua ya 4: Kama ni sili ya mekanika

Hii ni ile yenye sura mbili zinazobanwa pamoja na springi, na haitakiwi kudondosha. Ikidondosha, ifungue, lakini usiitupe kabla hujaisoma, maana sura zake mbili zinazosuguana zinaeleza kila kitu. Nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda nje ni dalili ya kukimbia bila maji. Alama ya msuguano iliyo pana kuliko sura nyembamba yenyewe inaonyesha shafti ilikuwa inayumba. Mikwaruzo ya duara ni mchanga, na sisi wa ufukweni mchanga tunao. Springi iliyojaa nyuzinyuzi za majani haiwezi kusukuma sura zibanane. Raba ikiwa imevimba na kulainika, kuna mafuta au kemikali imeigusa.

Safisha shafti kwa msasa laini, toa makali yote pale raba itakapopita. Weka geji ya saa (kipimo chenye sindano kinachoonyesha mchezo mdogo) juu ya shafti, izungushe kwa mkono: sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.05, simama hapo, shughulikia shafti au beringi kwanza. Kisha shika shafti, inyanyue na kuishusha. Ukisikia mchezo, beringi zimekwisha na sili mpya haitadumu.

Sura za sili usizishike kwa vidole. Lainisha raba kwa maji ya sabuni. Raba ya EPDM, aina moja ya raba ya kiwandani, inavimba ikikutana na grisi au oili ya kawaida. Ibane springi kwa kipimo kilicho kwenye mchoro wa mtengenezaji, siyo kwa macho.

Beringi ukibadilisha, ipashe moto kwa hita isizidi nyuzi 110 za Selsiasi, wala usitumie mtungi wa gesi. Unapoipiga kwenye shafti, bonyeza pete ya ndani pekee.

Hatua ya 5: Mlingano wa pampu na mota

Legeza bolti za flanji za mabomba. Flanji zikiruka zenyewe upande, bomba ndilo linaloivuta pampu. Rekebisha vishikio vya bomba kwanza, kulingania kaplingi kabla ya hapo ni kazi bure. Halafu legeza bolti za miguu ya mota moja moja huku geji ya saa ikiwa juu ya mguu. Mguu unaonyanyuka zaidi ya milimita 0.05 unahitaji shimu (kibati chembamba) chini yake. Penye msingi ulioloweshwa ziwa lilipopanda mwaka 2020, tazama pia kama zege imeachia bamba la chini. Baada ya yote hayo ndipo ulinganishe kaplingi, juu na chini, kushoto na kulia.

Hatua ya 6: Angalia kunyonya, hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na pwani

Ziwa liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa inaweza kusukuma maji kupanda bomba lenye ombwe kwa mita 9 hivi, wakati Dar es Salaam inakaribia mita 10.3. Na hiyo ni hesabu ya karatasi. Bado hujatoa msuguano wa bomba, futivalvu (valvu ya mwisho wa bomba la kunyonya), viwiko, na presha ambayo impela yenyewe inaidai mlangoni pake. Pampu iliyofanya kazi bila shida pwani ikiwa imewekwa mita 6 juu ya maji, ukiifunga vilevile hapa inaweza kuanza kunguruma kama inatafuna kokoto. Mapovu ya mvuke yanazaliwa kwenye impela na kupasuka, shafti inatetemeka, sura za sili zinaachana, maji yanatoka. Mtu anabadili sili.

Dawa ni kuishusha pampu ikaribie maji, kuongeza kipenyo cha bomba la kunyonya na kupunguza viwiko. Funga geji ya ombwe karibu na mlango wa kunyonya. Ombwe likiongezeka wiki hadi wiki ilhali ziwa halijashuka, chujio linaziba, na mtuhumiwa wa kwanza ni magugu maji. Chujio lifungwe kwenye mnyororo ulivutie juu kwenye gati. Usimtume kijana kuingia majini kwenye majani ya ufukweni, kichocho kipo.

Hatua ya 7: Kuwasha

Jaza maji, toa hewa juu ya bodi mpaka maji yatoke bila mapovu. Valvu ya kunyonya iwe wazi kabisa, ya kusukumia wazi kidogo. Gusa swichi sekunde moja tu uone kama mota inazungukia upande wa mshale. Ikienda kinyume, fundi umeme akate umeme na abadilishane nyaya mbili kati ya tatu. Ikishatulia, fungua valvu ya kusukumia taratibu. Usiiache pampu ikizunguka na valvu hiyo imefungwa, maji yaliyonaswa ndani yatachemka. Mtiririko ukizidi, upunguze upande wa kusukumia, kamwe siyo upande wa kunyonya.

Matunzo baada ya hapo

Kila zamu isikilize, ishike kwenye nyumba ya beringi, hesabu matone, na uandike ampea na presha kwenye daftari lililofungwa kwa kamba ukutani. Pampu ya akiba izungushwe kwa mkono kila wiki, isimame sehemu tofauti na ilipokuwa. Grisi ya mota fuata kiasi cha kwenye kibao. Ikizidi nayo inapasha beringi moto. Stoo iwe na sili moja, seti ya beringi, gasketi na kamba ya pakingi ya kipimo chako, kwa sababu kipuri kikikosekana mjini ni basi la usiku kutoka Dar es Salaam, na samaki kwenye meza za kuchunia hawasubiri basi.