Ukikutana na namba kubwa, anza hivi

Jioni mkikwama jam pale Changamwe, Mombasa, nyuma ya trela, hebu angalia namba ya kontena. Baada ya zile herufi nne kuna tarakimu sita, halafu ya saba iko peke yake ndani ya kaboksi, hiyo ni ya kukagua kama zingine zimeandikwa sawa. Mimi nafundisha watoto tuisheni huku Kisauni na hizo ndizo namba zetu za mazoezi ya kuvunja namba kubwa mpaka zibaki tasa tupu, yaani zile zinazogawika kwa 1 na zenyewe tu, maana zapita barabarani kutwa na hakuna anayejua jibu kabla, hata mimi mwalimu.

Tuseme umepata 4592588. Mwisho mna 88, yagawika kwa 4, basi namba nzima pia yagawika kwa 4. Jumlisha tarakimu zote wapata 41, haimo kwenye tebo ya 3, kwa hivyo 3 na 9 ziache. 5 pia hapana.

Sasa hapa ndo patamu. Ikate tatu tatu kutoka kulia, 4, 592, 588, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 588 toa 592 ongeza 4, sifuri! Ikitoka sifuri ujue yagawika kwa 1001, na 1001 ni 7 mara 11 mara 13, yaani umepata tatu kwa mpigo. Isipotoka sifuri usiitupe, chukua hicho kidogo ulichopata, kisha kijaribu kwa 7, 11 na 13, jibu litakuwa lile lile la namba nzima.

Gawa kwa 1001 wapata 4588, gawa tena kwa 4 wapata 1147, na hii ndo huangusha wengi. Kuna kijana wangu alijaribu 7, 11, 13, 17, 19, 23 mpaka 29, zote zikakataa, akaandika "tasa" na kupiga mistari miwili chini kwa rula. Alikuwa amebakisha moja tu jamani, 31! 31 mara 37 ni 1147. Kwa hivyo kabla hujaanza jua utasimama wapi: tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inapita. 34 mara 34 ni 1156, imepita, basi jaribu tasa zote zilizo chini ya 34. Zikikataa zote hapo ni tasa kweli, maana kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo na huyo ungeshamkuta njiani.

Basi yetu ni 2 × 2 × 7 × 11 × 13 × 31 × 37. Ukitaka kujua ina vigawo vingapi, kila tasa hesabu imetokea mara ngapi, ongeza moja, kisha zidisha zote: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, vigawo 96. Mraba kamili, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe, si yeye, 7 haina pacha, na hilo ungelijua hata kabla ya kutoa kalamu kwa sababu mraba hauishii na 2, 3, 7 wala 8.