Namna ya kuongelea afya ya nyonga kwenye klabu yenu ya mazoezi

Kama unaongoza klabu ya wanawake hebu angalia siku ya kuruka kamba, nani anakimbilia chooni kwanza, nani ghafla anainama kufunga viatu, nani hajagusa maji tangu afike. Wengi hao sio wavivu, mkojo unawaponyoka wakiruka na hawajawahi kumwambia mtu, mwisho wanaacha mazoezi kimya kimya na hiyo inaniuma sana.

Usianze na semina, hakuna atakayenyoosha mkono. Subiri mwisho wa mazoezi watu wakiwa wamekaa chini wananyoosha misuli, afu mwanamke wanayemwamini aseme wazi kwamba kuna wanaotokwa na mkojo wakiruka, wakikohoa au wakipiga chafya, inawapata wengi ila sio ya kuvumilia, kuna tiba. Aseme mkojo, asizungukezunguke. Kocha mwanaume naye aelezwe.

Wafundishe palepale. Misuli ya chini ya nyonga ndo inabeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtu abane kama anazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, avute juu, makalio na mapaja yatulie, na apumue kawaida. Ukimwona kafunga mdomo mashavu yamejaa ujue anasukuma chini badala ya kuvuta juu, mwanzishe upya, abane sekunde tatu tu. Mara 8 mpaka 10, kila mara alegeze kabisa (kulegeza watu wanakuruka na ndo nusu ya zoezi), mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 bila kukata tamaa. Asifanyie mazoezi haya wakati anakojoa.

Aliyejifungua juzi msimkimbize kabla ya miezi 3, hata akisema yuko fiti.

Tafuteni mapema mtaalamu wa fiziotherapia au kliniki ya kuwaelekeza watu. Anayehisi kitu kinashuka ukeni, mwenye damu kwenye mkojo au maumivu ya nyonga, huyo aende akapimwe, asijibane tu. Na mkojo ukitoka muda wote hata akiwa amelala, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hiyo ni hospitali, mazoezi hayaizibi.

Pedi ziwekwe kwenye boksi la huduma ya kwanza, na asiyetaka kuruka apewe zoezi lingine bila kuulizwa kwanini.