Kununua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza: mkopo na mitego ya sheria, hatua kwa hatua

Anayeanza kazi hii huniuliza kwanza rangi gani inavutia wanunuzi, au jiko la aina gani. Mimi humwuliza: mkopo wako unaisha tarehe ngapi? Asipoijua, mazungumzo ya jiko tunayaweka kando. Nyumba ya mkopo inakula kila siku, mafundi wawepo wasiwepo. Na karibu kila tatizo la kisheria nililokutana nalo liliniumiza kwa namna hiyohiyo: lilinizuia kuuza huku riba ikikimbia. Hatua nne za kwanza hapa chini ni za kabla ya kusaini mkataba wa kununua. Usiziruke.

Hatua ya 1: Anza na siku ya kuuza

Tafuta bei za nyumba zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazotangazwa. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji tu. Chukua nyumba za eneo lilelile, zinazolingana kwa ukubwa, zilizouzwa miezi ya karibuni. Kisha usiiamini sana hesabu yako. Zillow, kampuni kubwa ya Marekani yenye takwimu za mamilioni ya nyumba, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inafunga kitengo chake cha kununua na kuuza nyumba, kwa sababu bei za mbele zilikuwa ngumu kutabirika kuliko ilivyodhani. Wewe na mimi tuna takwimu chache kuliko wao.

Sasa piga hesabu. Tuseme nyumba ikikamilika itauzwa 100. Unainunua kwa 60, gharama za kununua ni 3, ukarabati 15, gharama za kuuza 8. Umekopa 50 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani 0.5 kila mwezi. Ongeza bima, kodi ya jengo, umeme na ulinzi, tuseme 0.3 kwa mwezi. Ukimaliza na kuuza ndani ya miezi 6, jumla ya gharama ni 90.8 na unabaki na 9.2. Inapendeza.

Ikichukua miezi 12, faida inashuka hadi 4.4. Ukarabati ukizidi makadirio kwa asilimia 20, unabaki na 1.4. Halafu soko likilegea kidogo, ukauza kwa 95, umepata hasara ya 3.6. Hakuna janga lolote hapo. Ni mambo matatu ya kawaida kabisa yaliyokuja pamoja, na katika nyumba ya kwanza huwa yanakuja pamoja.

Ndiyo maana wazoefu wa Marekani wana kanuni ya asilimia 70: usinunue kwa zaidi ya asilimia 70 ya bei ya baadaye, ukishatoa gharama za ukarabati. Kwa mfano wetu ni 70 kutoa 15, yaani 55. Ungenunua kwa 55, hata baada ya mabaya yote matatu ungetoka na 1.4 mkononi. Kanuni hii haifai kila soko, lakini inakuonyesha nafasi ya kukosea inapaswa kuwa pana kiasi gani.

Hatua ya 2: Usome mkataba wa mkopo neno kwa neno

Mikopo ya kazi hii huwa ya muda mfupi na riba kubwa. Kabla ya kuuliza riba, uliza kuhusu muda: unaisha lini, unaweza kuongezwa mara ngapi, kwa ada gani, na je, nyongeza ni haki yako au ni hiari ya mkopeshaji? Tofauti ya haki na hiari utaijua siku umechelewa.

Riba ikiwa ya kupanda na kushuka, ipime kwa hali mbaya. Mwanzoni mwa Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilikuwa na riba ya kati ya asilimia 0 na 0.25. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imefika kati ya 5.25 na 5.50. Waliokuwa na nyumba nusu ukarabati katika kipindi hicho waliumia mara mbili: mkopo wao uliongezeka uzito, na wanunuzi wao nao wakashindwa kukopa.

Angalia fedha za ukarabati zinatolewaje. Wakopeshaji wengi huzitoa kwa awamu, baada ya kazi kufanyika na kukaguliwa. Maana yake fundi na vifaa vya awamu ya kwanza unavilipa kwa fedha yako. Wengi wanaoanza hukwama hapa: mkopo umeidhinishwa wote, lakini paa limesimama kwa sababu hawana fedha ya kutangulizia.

Tafuta pia kifungu cha dhamana binafsi. Watu husajili kampuni wakidhani imewakinga, kumbe wamesaini ukurasa unaosema kampuni ikishindwa wao wenyewe watalipa. Ukishasaini hapo, kampuni haikukingi dhidi ya mkopeshaji huyo. Na nasema hili kwa moyo wangu wote: usiiweke rehani nyumba ambayo watoto wako wanalala kwa ajili ya nyumba yako ya kwanza ya biashara.

Mwisho, andika njia ya pili ya kutokea. Nyumba isipouzika, je, kodi ya wapangaji itatosha kulipa mkopo wa muda mrefu? Kama haitoshi, una njia moja tu, na hiyo ni hatari unayopaswa kuijua mapema.

Hatua ya 3: Fedha za ndugu na marafiki

Ziandikie mkataba, hata kama ni za dada yako. Ni mkopo au ni ubia? Hasara ikitokea nani anaibeba? Kuna mtego mwingine wasioufikiria watu: ukichangisha fedha kwa watu na kuwaahidi faida itokanayo na kazi yako wewe, sheria inaweza kuhesabu kwamba umeuza hisa au dhamana za uwekezaji bila kusajiliwa. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1946, katika kesi ya kampuni ya Howey iliyokuwa ikiuza vipande vya mashamba ya michungwa pamoja na huduma ya kuyatunza. Nchi nyingi zina sheria za namna hiyo. Muulize wakili kabla ya kuanza kuchangisha.

Hatua ya 4: Mjue anayekuuzia

Nyumba yangu ya tatu niliuziwa na msimamizi wa mirathi. Alikuwa na barua ya mahakama, karatasi zote safi, na bei nzuri. Alisema warithi wote wamekubali, nami sikuwatafuta. Mafundi walipomaliza rangi ya mwisho, mrithi mmoja akaenda mahakamani kusema hakushirikishwa. Likawekwa zuio. Kwa miezi saba nilikuwa na nyumba nzuri nisiyoweza kuiuza, na mkopo nikauongezea muda mara mbili. Suala liliisha kwa maridhiano, na faida yote ilikwenda huko. Mrithi yule hakuwa mwovu. Alikuwa na haki ya kuulizwa, na mimi ndiye niliyepaswa kumtafuta.

Kwa hiyo fanya hivi. Pekua kumbukumbu za ofisi ya ardhi mwenyewe au kupitia wakili wako, usitegemee nakala uliyopewa na muuzaji. Tazama jina la mmiliki, rehani, zuio, kesi na madeni ya kodi. Rudia upekuzi siku ya kulipa, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati. Linganisha kitambulisho cha muuzaji na jina lililo kwenye hati. Uliza kama kuna mume au mke ambaye sheria inataka ridhaa yake, wamiliki wenza, au warithi. Kila mmoja asaini mbele ya wakili. Anayeuza kwa hati ya uwakilishi, hakikisha aliyempa yu hai: kwa kawaida uwakilishi hufa na mwenyewe.

Kisha nenda kwenye nyumba. Nani anaishi humo? Mpangaji halazimiki kutoka eti kwa sababu tu mmiliki amebadilika, na kumtoa kwa kubadili kufuli au kukata maji ni kosa katika nchi nyingi. Mpima ardhi athibitishe mipaka. Kama jirani ana haki ya njia inayokatiza ua, mnunuzi wako ataiona hata kama wewe hukuiona.

Nyumba za mnada ninawaonya wanaoanza waziache. Nyingi huuzwa kama zilivyo, bila ukaguzi wa ndani, na muda wa kukamilisha malipo ni mfupi.

Hatua ya 5: Arbuni na masharti

Arbuni, yaani malipo ya kutangulia ya kuishikilia nyumba, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Ikae kwa wakili au mtu wa tatu aliyekubalika. Mkataba useme wazi kwamba inarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa, hati ikiwa na dosari, au mkopo ukikataliwa. Wapo watakaokuhimiza uyaondoe masharti hayo ili uwashinde wanunuzi wengine. Usikubali.

Hatua ya 6: Vibali, sumu za zamani na bima

Kubomoa ukuta unaobeba jengo, kuongeza chumba, kubadili mfumo wa umeme: mara nyingi vinahitaji kibali. Kazi isiyo na kibali inaweza kusimamishwa, na hata isiposimamishwa, huibuka wakati wa kuuza. Chunguza pia kazi alizofanya mmiliki aliyepita, maana ukishanunua zimekuwa zako. Nyumba za zamani zina hatari zake: Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na Uingereza ilizuia aina zote za asbesto mwaka 1999. Nyumba ya kabla ya hapo ipimwe kabla ya kukwangua au kubomoa, kwa afya ya mafundi wako kwanza.

Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi hupunguza au kukata ulinzi nyumba ikikaa tupu siku 30 au 60. Mwambie wakala wa bima ukweli: nyumba haina mtu na inakarabatiwa.

Hatua ya 7: Mafundi

Mkataba wa maandishi, awamu za malipo kulingana na kazi iliyokamilika, na kiasi fulani kishikiliwe hadi mwisho. Marekani na Kanada, fundi mdogo au muuza vifaa ambaye hakulipwa anaweza kuandikisha dai juu ya nyumba yenyewe, hata kama wewe umemlipa mkandarasi kila kitu. Kabla ya kila awamu, dai stakabadhi na barua kutoka kwa wale wa chini yake zinazothibitisha kwamba wamelipwa.

Hatua ya 8: Kuuza na kodi

Kasoro unayoijua, itaje kwa maandishi. Kupaka rangi juu ya unyevu unaoujua kunaweza kukurudisha mahakamani baada ya fedha kutumika. Jua pia masharti ya mkopo wa mnunuzi. Marekani, kwa kawaida, mkopo wenye bima ya FHA (idara ya serikali inayowawekea bima wakopeshaji wa nyumba) haukubaliki ikiwa mkataba wa mauzo umesainiwa ndani ya siku 90 tangu muuzaji aipate nyumba, hivyo aliyemaliza kazi mapema anaweza kulazimika kusubiri.

Faida ya haraka mara nyingi haitozwi kodi kama faida ya mtaji, yaani ya kuuza mali uliyojiwekea, bali kama mapato ya biashara. Kanada, tangu tarehe 1 Januari 2023, faida ya nyumba ya kuishi iliyouzwa kabla ya siku 365 huhesabiwa kuwa mapato ya biashara, isipokuwa katika matukio maalum kama kifo au talaka. Mhasibu akupe makadirio kabla hujanunua, na siku ya mauzo kiasi hicho kiingie akaunti ya peke yake.

Mnunuzi akishalipa, fuatilia hadi rehani ya mkopeshaji wako ifutwe kwenye daftari la ardhi. Barua yake ya kusema deni limeisha haitoshi. Ukipata uthibitisho wa kufutwa, uweke kwenye faili moja na vibali, stakabadhi za mafundi na taarifa ya ukaguzi.