Angalia lenzi kwanza, bodi baadae
Jamani mnaobishana kamera ipi ya kununua, Canon, Sony au Nikon, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) isikuumize kichwa sana, bodi utaibadilisha tu baada ya miaka michache ila lenzi utakaa nazo. Kabla hujalipa andika lenzi 2 au 3 unazozihitaji kweli (sio za kutamani) halafu jumlisha bei zake kwenye mfumo wa kila kampuni (kamera na lenzi zinazoingiliana), hapo ndo utashangaa. Sony E (aina ya mdomo wa kufungia lenzi kwenye kamera za Sony) ipo tangu 2010 kwahiyo lenzi za kampuni nyingine kama Sigma na Tamron zimejaa huko, na used ni kibao. Ila kama tayari una lenzi za Canon EF (mdomo wa zamani wa Canon), adapta inazipeleka kwenye RF (mdomo mpya wa Canon) na otofokasi inapiga kazi freshi tu, kinyume chake haiwezekani, lenzi ya RF haikai kwenye bodi ya EF.