Kazi ya kikundi kwenye Google Docs: namna ya kujua nani kafanya nini

Walimu wenzangu, kwa miaka mingi kazi ya kikundi niliipa alama moja kwa wote. Aliyekesha na aliyedandia wakavuna sawa. Iliniuma, ndipo nikahamia kwenye faili la pamoja la Google Docs, ambalo wanafunzi wote huliandika mtandaoni.

1. Unda vikundi vya wanafunzi wanne. Wakifika sita, kuna atakayejificha.

2. Tengeneza mwenyewe faili la kila kikundi, kisha washirikishe kwa baruapepe zao ukiwapa ruhusa ya kuhariri. Wengi hukosea hapa: ukituma linki iliyo wazi kwa yeyote, mwanafunzi ambaye hajaingia kwenye akaunti yake huonekana kwa jina la mnyama, na hutamjua ni nani.

3. Chagua swali lisilokatika vipande. Ukisema "taja sababu nne za mmomonyoko wa udongo", kila mmoja atachukua yake na hawatasomana kabisa. Mimi huuliza: "Korongo lililo nyuma ya shule tulizibe vipi, na kwa nini kwa njia hiyo?" Hapo watabishana, na ubishi wenyewe utausoma kwenye maoni ya pembeni. Huo ndio ushirikiano ninaoutafuta.

4. Kazi ikiwa katikati, usingoje iishe, fungua menyu ya Faili kwenye kompyuta, uingie historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yaliyofanywa kwenye faili. Kila mhariri ana rangi yake, na saa alizoandika zipo. Usihesabu maneno. Aliyefuta aya mbovu akaweka sentensi mbili zilizonyooka amefanya kazi kuliko aliyejaza kurasa.

5. Alama zangu ni 20: 10 za kikundi, 6 za mchango wa mtu, 4 za swali la mdomo.

Maswali ya walimu wenzangu

*Kompyuta tunazo tatu, na darasa zima linatumia akaunti moja. Nifanyeje?*
Historia haitakufaa, ndugu yangu. Kila mmoja aweke herufi za jina lake mwishoni mwa aya yake, na swali la mdomo ulipandishe hadi alama 8.

*Wenye ruhusa ya kusoma tu wanaiona historia?*
Hapana. Ni ya wenye ruhusa ya kuhariri.

*Mwalimu, aya nzima imetokea kwa mkupuo. Kanakili?*
Huenda. Huenda pia aliiandika nyumbani kwenye daftari, akaichapa mahali pengine, kisha akaja kuibandika hapa. Usimhukumu kwa rangi. Mwite, funga kompyuta, mwambie akueleze aya hiyo kwa maneno yake.